Freretown: Tuandike Majina ya Waliotutangulia

Kwa jamaa wa Freretown, wenyeji na wapangaji. Kwa majirani wa Kisauni, Kongowea, Mkomani na Nyali. Na kwa kila mtu ambaye, huko aliko, Nairobi au Doha au Toronto, ana babu au nyanya aliyelelewa chini ya kengele ya misheni.

Mtaa wetu ulianzishwa mwaka 1875, na miaka 150 sasa imetimia. Nina ombi moja, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu nalionea uchungu. Naomba tuandike majina ya watu walioujenga mtaa huu, maadamu bado wapo wazee wanaoyakumbuka. Majina ya magavana na maaskofu hayatanisumbua, kwa kuwa hayo yameshaandikwa. Nayataka ya waliochimba visima, waliopanda minazi, waliofua nguo za wazungu, waliofundisha watoto kusoma, waliozaa na kuzika hapa, ambao leo jina la wengi wao liko kichwani mwa mzee mmoja tu.

Ukishuka matatu Kengeleni utaiona kengele yenyewe kando ya barabara, imening'inia kwenye nguzo zake huku tuktuk na bodaboda zikigombania abiria chini yake. Vijana wengi wanaokutana hapo wanaijua kama alama ya kuelekezana njia. Kengele hiyo ilikuwa na kazi. Iliita watu kazini na ibadani, na ilipigwa kwa dharura kuwaonya kwamba watekaji wanakuja, maana aliyekombolewa utumwani leo angeweza kukamatwa tena kesho na kuuzwa. Mtu aliyelala Freretown miaka ile alilala sikio likiwa macho. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tusimame hapo kidogo na mtoto tuliyemshika mkono, tukamweleza.

Habari ilianza mbali kidogo na Mombasa. Mwanzoni mwa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Unguja kumshinikiza Sultani Barghash aache biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi Juni mwaka huohuo. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Lakini majahazi hayakuacha kusafiri kwa sababu ya karatasi. Manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata baharini, na kila zilipoyakamata kulikuwa na swali: hawa watu waliomo ndani wapelekwe wapi? Kwao walikuwa wametekwa, vijiji vingine vimechomwa, na safari ya kurudi Ziwa Nyasa ingewapitisha katika njia zilezile walizouzwa nazo. Ndipo shirika la misheni la CMS likamtuma W. S. Price, aliyekuwa amefanya kazi India kwa miaka mingi, akanunua ardhi upande wa bara wa Kisauni, ng'ambo ya maji kutoka Mji wa Kale. Makao yakapewa jina la Frere.

Price hakuanza na watu wageni wa kila kitu. Miaka mingi kabla ya hapo, watoto wa Kiafrika waliokombolewa kutoka majahazini walikuwa wakipelekwa Bombay, na baadhi yao wakasomeshwa katika kituo cha misheni karibu na Nasik. Walijifunza ufundi, Kiingereza na Biblia, wakakulia huko, wakaoana huko. Tangu 1864 watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wamekwisha kuletwa Rabai kumsaidia Johannes Rebmann. Freretown ilipoanza, wenzao wengi wakavuka bahari kuja kuishi hapa, wakawa ndio walimu, maseremala, wakalimani na wasimamizi. Waafrika wa Bombay, ndivyo walivyoitwa. Hebu fikiri: watu waliotekwa utotoni huko Uyao au Umakua, wakalelewa India, wakarejea pwani ya Afrika ambayo haikuwa kwao, wakajenga mji. Sijui mtaa mwingine wa Mombasa wenye chimbuko pana namna hii, na Mombasa si haba kwa watu wa bahari.

Miongoni mwa waliosoma Nasik walikuwapo pia waliotembea na mwili wa David Livingstone. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, watumishi wake waliubeba mwili kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, ambako walifika mapema mwaka 1874. Jacob Wainwright, aliyefika nao hadi Uingereza kwenye mazishi, alikuwa mmoja wao. Matthew Wellington, ambaye kwao akiitwa Chengwimbe, alikuwa mwingine. Yeye aliishi Mombasa hadi uzeeni, akafariki mwaka 1935. Watu wazima wa Freretown wa kizazi cha nyanya zetu walimwona kwa macho. Walimwamkia. Huenda walimletea maji ya kunywa. Nani kati yetu aliwauliza mzee yule alikuwa akizungumza vipi, alicheka na nini, alipenda kukaa wapi jioni?

Ngoja niseme zaidi kuhusu William Jones, kwa sababu nikiulizwa ni nani wa Freretown anayestahili jina lake liandikwe kwenye kibao cha njia, nitamtaja yeye kwanza. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwabariki yeye na Semler kuwa mashemasi. Mwaka huohuo askofu akaondoka kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, na Jones akawa msaidizi wake mkuu katika msafara. Walipofika sehemu za Mumias, Hannington alichagua watu wachache akatangulia nao, akamwachia Jones kambi na wapagazi wengi waliobaki. Hannington akauawa Busoga mwishoni mwa Oktoba, pamoja na karibu wote aliokwenda nao. Habari zikamfikia Jones kwa vipande vipande. Alingoja, akauliza, akangoja tena, mpaka ikawa hakuna la kungojea. Ndipo akageuza msafara na kuurudisha pwani, watu wenye njaa, wagonjwa, nchi ngeni mbele na nyuma. Mwaka 1886 aliwafikisha Rabai. Kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa, lile lenye kuba barabara ya Nkrumah, lililofunguliwa mwaka 1905, ni ukumbusho wa Hannington. Ni haki. Lakini aliyewarudisha nyumbani walio hai hajengewi hata kibao, na wale wapagazi waliokufa Busoga, baadhi yao wakiwa na wake na watoto waliokuwa wakiwangoja huku pwani, hatuna hata orodha yao majumbani mwetu.

Tukiandika, tuandike yote. Mtaa huu haukuwa pepo. Wakombolewa waliishi chini ya amri za misheni, wakipangiwa saa za kazi, nguo, ndoa na ibada. Mapema miaka ya 1880 ukali wa usimamizi, viboko vikiwamo, ulifika hadi kuchunguzwa na kulaumiwa. Waafrika wa Bombay walilalamika kwamba wanafanya kazi ya wazungu kwa ujira mdogo na heshima ndogo zaidi. Na nje ya mipaka kulikuwa na hatari nyingine: watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia Freretown na Rabai, mabwana wao wa Mombasa wakaja juu, na mara moja au mbili ilikaribia kuwa vita. Kwa watoro wa Rabai shauri lilimalizika Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipowalipa mabwana fedha na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Hadhi ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hata hapo waliolipwa fidia ni mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakupewa senti, wala kipande cha shamba alilolima maisha yake yote.

Ndiyo maana hadithi hii ni ya jirani zetu wote, Waislamu na Wakristo, Waswahili wa Kisauni na Mijikenda wa Kongowea. Waliomficha mtoro chumbani wapo ndani yake, na waliomtafuta mtoro huyo wapo. Wajukuu wa pande hizo mbili wananunua mchicha kwenye soko moja, watoto wao wanakaa dawati moja, na wengine wameshaoana. Sioni sababu ya kuogopana. Naona sababu ya kuketi barazani na kuambiana.

Najua pia kwa nini wazee wengi walinyamaza. Kuitwa kizazi cha mtumwa lilikuwa tusi, na bado kuna vinywa vinavyolitumia. Mtoto wa Freretown alikua akiulizwa, shuleni na ofisini, "Kwenu hasa ni wapi? Kabila gani?" na majibu ya kweli yalikuwa marefu kupita nafasi iliyoachwa kwenye fomu: Myao kwa babu mmoja, Mngindo kwa mwingine, nyanya hajulikani, jina la ukoo ni la mmisionari Mjerumani. Wengine wakaona bora wajibu kwa kifupi, waseme Mgiriama au Mtaita, mambo yaishe. Wengine waliwaficha hata watoto wao. Siwalaumu. Walikuwa wanawalinda. Lakini aibu ile haikuwa yao hata kidogo. Aliyetekwa njiani akiwa na miaka minane akienda kuchota maji hana la kuonea haya, wala mjukuu wake hana. Wakati umefika wa sisi kulisema hili kwa sauti, hasa mbele ya vijana, ili wazee waliobaki wajue kwamba nyumba sasa ni salama kuzungumza.

Mmoja wao alikwisha kututangulia. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwana wa Freretown na mwalimu, alichapisha kitabu kidogo cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Kinasimulia utekaji, safari ya kuja pwani, kukamatwa kwa jahazi, na maisha ya makao haya. Mbotela hakuyatoa haya maktabani. Aliyapokea kwa walioyapitia. Ni kweli kwamba kitabu kinawasifu mno Waingereza na misheni, na msomaji wa leo atatamani kusikia sauti nyingine, hasa ya akina mama na ya wale ambao misheni iliwachosha. Hiyo ni kazi yetu sisi. Yeye alifanya yake, kwa lugha yetu, miaka karibu 30 kabla ya uhuru wa nchi, na nashangaa kwamba shule nyingi za Kisauni hazina hata nakala moja.

Ukoo huo umeacha alama mbali na hapa. Mtaa wa Mbotela kule Nairobi umepewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Novemba 1952. Na Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huohuo, kwa miongo mingi aliuliza kila nyumba ya Kenya yenye redio kama tuliyoyatenda ni ya kiungwana. Alifariki Februari 2025, mwaka uleule mtaa wa wazazi wake ulipotimiza miaka 150. Nchi nzima ilimlilia mtangazaji. Sisi tulipaswa kukumbuka pia kwamba tumempoteza mtu aliyekuwa kiungo kati ya redio na jahazi la watumwa.

Hayo ni ya watu mashuhuri, nao kwa jumla watajitunza. Barua za Price na wenzake, ripoti zao na hesabu za kila mwezi, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, katika makasha yaliyopangwa vizuri, na mtafiti yeyote akienda anaonyeshwa. Chuo kilichokuwa kikiwafundisha makasisi hapa kilihamia Limuru mwaka 1930, nacho sasa ndicho Chuo Kikuu cha St. Paul's. Ardhi ya misheni iligawanywa, ikauzwa, ikagombaniwa. Daraja la kwanza la Nyali likafunguliwa mwaka 1931, la sasa mwaka 1980, na jiji likamiminika upande huu. Kila mwaka nyumba ya zamani inaangushwa, jengo la ghorofa linaota. Siwakasirikii wanaojenga, watu wanahitaji pa kuishi. Ninachohofia ni kisanduku cha picha kinachotupwa pamoja na vifusi.

Basi ombi lenyewe ni hili. Kama nyumbani kwenu yuko mtu mwenye miaka 70 au zaidi aliyekulia hapa, keti naye. Simu yako inatosha kurekodi. Muombe ruhusa kwanza, kwa adabu inayomstahili, na mwambie rekodi itakwenda wapi. Akitaka jambo fulani lisitoke nje, lisitoke. Usianze na utumwa. Muulize nyumba zilipangwaje kutoka kengeleni hadi kanisani, nani alikaa wapi, jirani wa kulia nani, wa kushoto nani. Muulize maji walichota wapi, mwembe mkubwa ulikuwa wapi, sikukuu ya Krismasi walipika nini, Idi walikwenda kula kwa nani. Muulize juu ya mama zake na nyanya zake kwa majina, kwa sababu kumbukumbu za misheni zimejaa wanaume na wake zao wametajwa kwa jina la mume tu. Mzee akianza kutembea kwenye ramani ya mtaa kichwani mwake, majina yatakuja yenyewe, na mambo mazito yatakuja kwa wakati wake. Na kama anakumbuka wimbo au hata maneno mawili ya Kiyao, Kimakua au Kinyasa aliyoyasikia kwa wakubwa wake, yarekodi kama alivyoyatamka, hata kama mwenyewe hajui maana yake.

Picha za zamani zitolewe kabatini. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, polepole, ni nani, wapi, na takriban mwaka gani. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili na kuiharibu picha. Usizitie plastiki kwa joto. Zipige kwa simu mchana, kivulini, kisha zirudishe kwenye bahasha kavu. Mombasa ni mji wa chumvi na unyevu, na mchwa hawachagui.

Makaburini, tafadhali, tusisugue mawe kwa sabuni kali wala kupaka simenti au rangi juu ya maandishi. Nia huwa njema, lakini jina huondoka milele. Majani yafyekwe kwa mkono, jiwe lipigwe picha asubuhi au jioni wakati jua limelala na herufi zinaonekana, kisha maandishi yanakiliwe kwenye daftari pamoja na mahali kaburi lilipo. Vijana wa kanisa la Emmanuel wanaweza kuianza kazi hii, na ningefurahi sana kuwaona vijana wa misikiti ya jirani wakija kushika fyekeo upande wa pili. Waliolala pale ni majirani wa babu zao pia.

Kwa wazee wa kanisa nina ombi la peke yake. Rejista za ubatizo na ndoa ndizo hati za pekee kwa familia nyingi ambazo hazina shina lingine lililoandikwa. Kama zimebaki kwenye kabati la ofisi, zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kisha zifunguliwe mara chache iwezekanavyo. Wenzetu wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus wana ujuzi wa kutunza karatasi na sauti, waulizwe.

Walimu wa shule za Kisauni na Nyali, mtaala wa sasa unawataka wanafunzi wachunguze mazingira yao. Haya ndiyo mazingira yao. Darasa moja likipewa njia moja ya mtaa, muhula mmoja unatosha kupata ramani ambayo hakuna ofisi iliyo nayo leo.

Na kwa waheshimiwa wa kaunti: kengele ile inahitaji kibao cha maelezo kwa Kiswahili fasaha, taa, na nafasi ya mtu kusimama bila kugongwa na pikipiki. Vichochoro vyetu vingi havina majina. Vipeni majina ya Jones, Semler, David na Wellington, na muwaulize wakaazi majina ya wanawake kabla hamjafunga orodha.

Wewe uliyepanga chumba hapa mwaka jana na huna babu Freretown, nawe umo. Mtaa huu ulijengwa na watu waliofika bila ndugu, wakafanyiana undugu. Mwenye nyumba wako au mama anayekuuzia mahamri asubuhi huenda ana kisa ambacho wanawe wamechoka kukisikia. Wewe ni mgeni, atakusimulia upya.

Anzeni Jumapili hii, baada ya ibada au baada ya chakula cha mchana. Daftari moja linatosha. Likijaa, lifanyieni nakala mbili: moja ibaki nyumbani, moja ipelekwe kanisani au Fort Jesus, na kwenye ukurasa wa kwanza andikeni jina la mzee aliyesimulia, la aliyeandika, na tarehe.